Hayati wa Tarehe Sita Machi

Kazi yangu ni kukumbuka siku za watu, na yangu hakuna anayeikumbuka. Silalamiki, nasema tu.

Mwaka wa thelathini na moja huu nakaa katika chumba kilicho chini ya ngazi za kituo cha redio. Kina meza, viti viwili, balbu moja, na kabati la mbao lenye droo ndogo mia tatu sitini na sita. Kila droo ni tarehe. Ukivuta droo ya tarehe nne Juni utakuta kadi za mambo yote ya kukumbukwa yaliyowahi kutokea tarehe nne Juni: vita vilivyoisha, madaraja yaliyofunguliwa, meli zilizozama, mechi zilizowatoa watu machozi, waliozaliwa na waliofariki. Kila jioni natoa kadi saba za kesho yake. Matukio matatu, waliozaliwa wawili, waliofariki wawili. Nazifunga kwa mpira, nazipandisha juu kwa mtangazaji wa asubuhi, naye anazisoma saa moja kasorobo katika kipindi cha dakika tano kiitwacho Siku Kama ya Leo. Wenzangu wananiita Mama Tarehe. Mtoto sina, mume alikuwepo akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiyo hilo "Mama" ni heshima ya ofisini tu.

Kadi ya tukio ina mwaka na maelezo, kwa wino mweusi. Kadi ya mtu ina jina na kazi yake, basi. Miaka ya watu hatuandiki, tangu mwimbaji mmoja, mama mtu mzima, alipoingia kwa mkurugenzi na kushtaki kwamba redio imemtangazia umri wake mbele ya mchumba. Na wala hatuandiki "alizaliwa" au "alifariki". Rangi ndiyo inayosema. Bluu, alizaliwa. Nyekundu, alifariki. Mtangazaji akiona nyekundu anashusha sauti. Utaratibu huo niliubuni mimi mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu, kila nilipopata wa kumwambia, kwamba chumba changu hakijawahi kukosea.

Tarehe kumi Machi, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Mlango wangu haugongwi. Anayekuja huku chini amepotea, anatafuta choo.

Aliingia mzee mrefu, koti limempwaya mabegani, kofia mkononi. Nilichokiona kwanza ni vidole vyake: vinene, vimepinda, kila kimoja kimeelekea upande wake.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Tarehe?"

"Ndiye. Kama umeleta tangazo la msiba, dirisha ni lile la nje, karibu na mlinzi."

"Sijaleta. Msiba wangu mnao tayari." Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Mimi ni Sumaku."

Kadi zangu nazijua kama mtu anavyojua meno yake. Sumaku, golikipa. Droo ya tarehe sita Machi, wino mwekundu. Mtu huyu nilikuwa nimemzika mara kumi na moja. Msinicheke, lakini kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinamisha kichwa kuangalia kama miguu yake inagusa sakafu. Ilikuwa inagusa, tena kiatu cha kushoto kilikuwa kimefunguka kamba.

"Sumaku golikipa amefariki," nikasema, maana ndivyo kadi inavyosema.

"Ndivyo ninavyosikia."

"Basi umekuja kulalamika kwamba hujafa."

"La hasha," akasema. "Nimekuja kulalamika kwamba mwaka huu hamkuniua."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika ile kofia kwa mikono miwili na anaizungushazungusha kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nikaenda kwenye kabati, nikavuta droo, nikatoa kadi yake. Nyekundu kabisa. Nikamuuliza tarehe sita Machi ni siku gani kwake. Akasema ndiyo siku aliyozaliwa. Hapo nikakaa chini, maana yote yalinirudia. Miaka kumi na moja nyuma gazeti la michezo liliandika habari za magolikipa wa zamani, na mimi nikatoa humo siku yake ya kuzaliwa. Kalamu yangu ya bluu ilikuwa imekauka. Mtunza stoo wetu hatoi kalamu mpya mpaka umrudishie ya zamani, na ya zamani nilikuwa nimeitupa kwa hasira. Nikasema acha niandike kwa nyekundu, kesho nitanakili. Kesho yake sikunakili. Na mwaka uliofuata mtangazaji akaona nyekundu, akashusha sauti, akamuua mtu siku ya kuzaliwa kwake.

"Miaka kumi na moja," nikamwambia, "mbona hukuja kusema?"

"Nije kusema nini?"

"Kwamba uko hai."

"Nimwambie nani? Ukiwa hai hakuna anayekusoma redioni." Akacheka kidogo. "Mwanzoni niliogopa. Nikasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikakaa ndani siku nzima na blanketi. Jioni simu ikalia. Binti yangu."

Hapo akaanza kunieleza, na alieleza polepole, kwa hiyo nitafupisha. Ana mtoto mmoja tu, binti, anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na ana duka la kushona nguo. Hawakugombana, aliapa hawakugombana. Ila wakati mke wake yuko hai, mke ndiye aliyekuwa anazungumza na binti, na salamu zote zilikuwa zinapitia kwake, za kwenda na za kurudi. Mke alipofariki njia ikafungika. Binti alipiga mara mbili tatu, baba akasema ndiyo, hapana, namshukuru Mungu, kisha wote wakanyamaza. Mwisho simu zikaisha. Mpaka asubuhi ile redio ilipotangaza kwamba Sumaku golikipa amefariki siku kama ya leo. Binti akapiga jioni ile analia, baba akapokea yeye mwenyewe, na wote wawili wakacheka mpaka wakapaliwa.

"Tangu hapo kila mwaka tarehe sita ananipigia," akasema. "Nikipokea tu ananiambia, 'Baba, wamekuzika tena.' Namjibu, 'Nimefufuka, mwanangu, kaburi lilikuwa dogo.' Tunacheka. Anasema haya baba, nasema haya mama. Basi. Tunaagana mpaka mwakani."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu hamkunisoma."

"Ulisikiliza mwenyewe?"

"Umeme ulikatika mtaani kwetu tangu alfajiri. Sikusikia. Lakini najua hamkunisoma, maana simu haikulia. Nilikaa nayo mapajani mpaka nikasinzia kitini. Nikasema labda kesho. Nikakaa nayo na kesho. Leo siku ya nne, nimekuja."

"Labda binti yako siku hiyo hakufungua redio."

"Yule? Dukani kwake redio haizimwi. Anashona nayo."

Nikaiangalia tena kadi yake. Maana mimi kila asubuhi nasikiliza kipindi changu na kalamu mkononi, na kila kadi inayosomwa naitia alama. Tarehe sita nilikuwa hapa hapa. Sumaku alisomwa. Alikuwa wa pili, baada ya mwanasheria mmoja aliyetunga sheria za mashamba. Sauti ya mtangazaji ilishuka vizuri tu. Kadi niliyoishika mkononi ilikuwa na alama yake ya mwaka huu, nami nikaifunika kwa kidole gumba.

Nilimwangalia mzee. Alikuwa amekuja kudai kifo chake, na macho yake yanasema hebu niambie mmesahau. Mimi si mtu wa huruma, waulizeni wa juu. Lakini nilishindwa.

"Hatukukusoma, mzee wangu," nikamwambia. "Kadi ilirukwa. Kosa ni langu."

Akashusha pumzi ndefu. Mabega yakarudi mahali pake ndani ya lile koti.

"Nilijua tu," akasema. "Nilijua. Basi nisomeni kesho."

"Kesho si tarehe yako."

"Kwani ile ya kufa ilikuwa yangu?"

Nikamwambia nitaangalia la kufanya, na kwamba kituo kina desturi ya kumwomba radhi msikilizaji aliyekoseshwa, kwa hiyo anipe namba ya binti yake. Desturi hiyo nilikuwa nimeitunga sekunde hiyo hiyo. Akatoa kipande cha boksi mfukoni, namba imeandikwa kwa mwandiko wa mwanamke. Mke wake ndiye aliyeiandika, akasema, nayo ameitunza. Hata siku moja hakuwahi kuipiga. Simu yake yeye ni ya kupokea.

Kabla hajatoka akasimama mbele ya kabati. "Na ile mechi yangu ipo humu?"

"Tarehe kumi na tisa Oktoba. Ipo. Inasomwa kila mwaka, na wewe unatajwa."

"Dakika ya themanini na nane," akasema. "Fainali, ugenini, uwanja mzima unanizomea. Yule bwana akapiga penalti upande wa mkono wangu wa kulia. Niliudaka mpira, mama. Sikuupangua, niliudaka, ukanata. Ndiyo maana ya jina." Akanionyesha kidole cha shahada kilivyopinda siku hiyo. Kilikuwa kibaya hasa. Akaondoka anatabasamu, na mimi nikabaki na uongo wangu. Nilikuwa nimemwomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya wala sikuligusa.

Nilipiga simu mchana huo huo, maana ningengoja ningeghairi. Nikasikia cherehani kwanza, kisha sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka. Nikajitambulisha. Nikamwambia tunaomba radhi, mwaka huu kadi ya mzee wake ilirukwa, hatukumsoma.

Cherehani ikasimama.

"Alisomwa," akasema. "Nilisikia. Baada ya yule mwanasheria."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia mlangoni. Ningeweza kukata simu kwa adabu. Lakini mdomo wangu mimi haujawahi kuwa na breki.

"Kama ulisikia, mbona hukumpigia? Mzee amekaa na simu mapajani siku nne."

Kisha akaniuliza, "Mama, wewe una watoto?"

"Sina."

"Ungekuwa nao, ungejua wamezaliwa lini?"

"Mimi najua tarehe za watu ambao hata siwajui."

"Basi yangu ni tarehe kumi na tisa Oktoba," akasema.

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Ile ya mechi?" nikauliza.

"Ile ile. Kila mwaka nafungua redio, nasikia baba yangu alivyodaka penalti dakika ya themanini na nane. Siku hiyo mama yangu alikuwa wodini peke yake. Mama alipokuwa hai alikuwa ananipigia, anasema baba yako anakusalimia sana, anakutakia heri ya kuzaliwa. Nilijua anadanganya, lakini nilikuwa naupenda ule uongo. Tangu afariki, kila ikifika siku hiyo nasema leo atakumbuka, maana redio yenyewe imemkumbusha. Mwaka jana nilitimiza miaka arobaini. Nilikaa na simu mpaka nikafunga duka. Hakupiga. Kwa hiyo ilipofika siku yake nikasema, ngoja na mimi ninyamaze, aone inavyokuwa."

"Nimwambie?" nikamuuliza.

"Usimwambie. Ukimwambia atapiga kwa sababu ametumwa." Kisha akaniaga vizuri, kwa heshima, na kabla simu haijakatika nikasikia cherehani imeanza tena, kwa kasi, kama mtu anayeshona asichokiona.

Jioni nilitoa kadi saba za kesho yake. Kadi ile ya mechi nilikuwa naiandaa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naifunga mpira na kuipandisha ngazi, mwaka baada ya mwaka, na nilikuwa naipenda, maana siku za Oktoba hazina mambo mengi na penalti inachangamsha. Kumbe kuna mtu mahali fulani namchoma nayo. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala nimesimama jikoni kama kawaida, maana meza ya mtu mmoja inachosha kuipangusa. Nikajiuliza nini kinanihusu. Hakuna kilichonihusu. Hapo ndipo nilipoumia, maana nilitaka sana kinihusu.

Kesho yake mchana niliomba ruhusa, ya kwanza kwa miaka mitatu, nikaenda kwake. Alikuwa amenielekeza: nyuma ya karakana ya seremala, mlango wa kijani. Chumba kimoja, kisafi, unga wa mbao umeingia mpaka kwenye mikunjo ya shuka. Kitanda kimetandikwa vizuri kama cha jeshini. Redio juu ya rafu, antena yake ni waya wa kutundikia nguo. Kwenye stuli, karibu na kiti, simu imelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, chaji imejaa. Ukutani picha moja tu: mwanamke anacheka, ameshika mkono wa mtoto mdogo ambaye ametazama pembeni.

"Mmenipangia lini?" akauliza kabla sijakaa. "Nimemwambia seremala apunguze randa ikifika saa hiyo."

"Kwanza nina swali," nikasema. "La kadi. Binti yako alizaliwa lini?"

"Binti yangu?" Akakuna kidevu. "Ana arobaini kasoro. Au amefika."

"Siku, mzee wangu. Tarehe."

"Hayo mambo mama yake ndiye alikuwa anayajua."

"Mama yake hayupo. Nakuuliza wewe."

Nilisema kwa ukali, najua, na yeye alinitazama kwanza kwa kushangaa kisha kwa aibu. Akainama, akaanza kutafuta. Nilimwacha. Nilikuwa nimeombwa nisimwambie, lakini kuuliza si kuambia, na kama jibu lilikuwemo ndani yake lilipaswa kutoka lenyewe.

"Ilikuwa wakati wa mvua ndogo," akasema. "Nilirudi nimelowa. Mama yake yuko kitandani, wameshatoka hospitali. Akanifunulia shuka akaniambia, 'Huyu ana siku tatu na hajamwona baba yake.' Hilo nalikumbuka. Siku tatu."

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Si ndiyo safari ile ya fainali niliyokueleza jana. Tulicheza Jumamosi. Usiku ule tukabebwa juujuu, hatukulala. Jumapili basi la timu likaharibika njiani. Jumatatu tukangoja kifaa. Nikafika nyumbani Jumanne, saa kumi jioni, kombe tumelifunga juu ya…"

Akainua mkono wa kushoto, na kwa kile kidole kilichopinda cha mkono wa kulia akaanza kugusa vingine, kimoja kimoja. Jumanne. Jumatatu. Jumapili. Alipofika cha nne hakukigusa. Mkono ulibaki hewani. Nje seremala alikuwa anapiga randa, na niliisikia inakwenda na kurudi mara nyingi kabla mzee hajasema neno.

"Ile Jumamosi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mnaisoma."

"Kila mwaka."

"Na mimi kila mwaka nafungua sauti mpaka mwisho," akasema, "ili na seremala asikie." Akaangalia ile redio kana kwamba ndiyo iliyomkosea. "Na yeye anashona nayo. Haizimi."

"Mzee wangu," nikamwambia, "mimi jana nilikudanganya. Tarehe sita ulisomwa. Nilikusikia kwa masikio yangu. Na yeye alikusikia. Kosa langu mimi ni jingine, ni la wino, siku nyingine nitakueleza na utanitukana."

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alikuwa analia, lakini kwa namna ya watu wasiojua kulia, macho yanatoka maji na uso haubadiliki. Akayafuta kwa kitambaa cha simu.

"Basi fanya hivi," akasema. Alikuwa amepata wazo na akainuka nalo. "Wewe una kalamu. Mwakani siku hiyo, ukishasoma mechi, msome na yeye. Wino wa bluu. Binti wa Sumaku, mshona nguo. Atasikia, si unajua haizimi. Atajua nimekumbuka."

Nitasema ukweli, nilitamani. Ningeweza, nani angejua? Kadi ya nane, siku moja, sauti ya mtangazaji juu kidogo. Lakini nilimwona mzee amesimama pale, simu iko hatua moja kutoka mkononi mwake, na anatafuta tena mtu wa kumsemea. Kwanza mke, sasa mimi.

"Sitamsoma," nikasema.

"Kwa nini? Mpaka afe?"

"Kwa sababu redio imeshamsemesha miaka yote hii. Hiyo simu inapiga pia, si kupokea tu."

"Nitamwambia nini?"

"Sijui. Mimi sina mtoto. Lakini usimwambie umefufuka."

Alikaa na ile simu muda mrefu. Kipande cha boksi kilikuwa mfukoni, akakitoa, akakiweka magotini akakinyoosha. Vidole vyake ni vinene kuliko vitufe. Mara mbili alikosea akafuta akaanza upya. Nilitaka kumsaidia nikaikalia mikono yangu. Alipomaliza hakuiweka sikioni, aliishika mbele ya kifua, mbali, kwa mikono miwili. Ikalia mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikapokelewa, na sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba nami niliisikia pale nilipokaa.

"Halo?" Binti yake. Cherehani haikusikika. "Halo, nani mwenzangu? Nani ana simu ya baba?"

Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Niambie tu," sauti ikasema. Ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Wewe ni jirani yake? Niambie tu, nimekaa. Amefariki lini?"

Nilimwangalia mzee. Miaka kumi na moja alikuwa anasubiri redio imuue ili apigiwe simu, na sasa alikuwa anasikia kifo chake kikiulizwa na mtu anayekiamini.

"Sijafa, mwanangu," akasema. "Ni mimi. Nimepiga mwenyewe."

Upande wa pili hakuna aliyecheka.